Mgeni wa Siku Saba

Bwana Shekivuli wa Bodi ya Ufadhili alipanda kwetu kwa miguu, kwa sababu ndege za mizigo za Bodi haziruki ukungu ukishuka, akafika mlangoni akihema na Shahidi akiwa chini ya kwapa. Nilikuwa nimemsubiri Shahidi huyo mwaka mzima. Nilitazamia kitu cha kuogopesha, kumbe alikuwa na umbo na ukubwa wa chupa ya chai, rangi ya kijivu, hana taa wala kitufe. Bwana Shekivuli alipangusa rafu ya sebuleni kwa kitambaa chake mwenyewe, akamweka kati ya redio ya marehemu baba na kopo la sukari.

"Mama, huyu atakaa nanyi siku saba," alimwambia mama yangu. "Msimfunike, msimhamishe, msiseme naye. Ishini kama mnavyoishi. Kama huwa mnakula mara moja kwa siku, kuleni mara moja. Kama huwa mnagombana, gombaneni."

"Hapa hatugombani," mama alisema.

"Basi msianze kwa ajili yake."

"Na majirani wakiuliza?"

"Sheria inasema wasielezwe. Wakielezwa huja kuwafundisha waombaji namna ya kulia."

Mama alicheka kidogo, akamkaribisha chai. Alimtilia sukari vijiko vitatu. Kopo lilikuwa na vijiko vinne tu, najua kwa sababu asubuhi nilikuwa nimechungulia. Hivyo ndivyo Shahidi alivyoanza kutufahamu, kama nyumba inayomtilia mgeni sukari vijiko vitatu bila kusita.

Shahidi haoni. Husikia na kunusa, na hilo linamtosha. Kwa mlio wa kijiko hujua sufuria ina chakula kiasi gani. Kwa kishindo cha miguu sakafuni hujua nani amepungua uzito tangu juzi. Hunusa mafuta, moshi, sabuni na dawa. Kila kinachovuka kizingiti, kiwe kinaingia au kinatoka, anakihesabu. Siku ya saba hutoa namba moja, kuanzia sifuri hadi mia, nayo huitwa upungufu. Ukipata sitini kwenda juu, Serikali inakusomesha mpaka umalize. Ukipata chini ya hapo unaambiwa kwenu mnajiweza. Na Shahidi huja kwa mwombaji mara moja tu maishani.

Zamani watu waliomba kwa fomu. Bibi yangu alijaza moja, na alipenda kutusimulia jinsi wenzake walivyowaua baba zao kwenye karatasi, wakagongewa mihuri, kisha wakawaalika marehemu hao kwenye mahafali. Serikali ilichoka kudanganywa, ikaacha kuwauliza watu maswali. Nilipokuwa mdogo niliona hilo ni jambo la haki kabisa. Sikujua kwamba kuna mtu anayedanganya miaka na miaka bila kutaka kujipatia chochote.

Mimi nilikuwa nimepata nafasi chuo cha maji, kusomea uhandisi wa ukungu. Milima yetu ya Upare siku hizi huishi kwa ukungu. Nyavu zimetandazwa vileleni, matone yanateremka kwa mabomba hadi kwenye ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu ya kumwagilia mashamba. Nyavu za upande wetu zilichanika miaka minne iliyopita, siku ile mlima ulipoporomoka ukamchukua baba akiwa juu huko anazirekebisha. Tangu hapo hakuna aliyejua kuzishona upya, na shamba letu, lililo juu ya mengine yote, ndilo lililokauka la kwanza. Nilitaka kuwa mtu anayejua. Sikuwa na njia nyingine ya kufika huko ila ile chupa ya kijivu juu ya rafu.

*

Kwetu mshenga hutambuliwa kwa viatu. Mwanamume mgeni, mwenye koti na viatu vilivyopigwa rangi, akipanda mlima kwa miguu na kutoka kwenye nyumba yenye binti wa miaka kumi na tisa huku akijifuta chai mdomoni, hiyo ni posa, na hakuna haja ya kuuliza. Jua halijazama, kitongoji kizima kilikuwa kimeshaniozesha.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Elinaza, jirani yetu wa chini, mwenye ng'ombe wawili na masikio makubwa. Alikuja na bakuli la maziwa ya mgando.

"Mama Nakijwa, mimi sijaona kitu na siulizi kitu," alisema, macho yakiranda sebuleni. "Ila nyumba ikitazamwa na wakwe, maziwa yasikosekane. Pokea."

Mama alifungua kinywa, akamtupia Shahidi jicho, akakifunga. Sheria ilimkataza kueleza. Lakini hata bila sheria sidhani kama angeeleza, maana angelazimika kusema kwamba tunapimwa njaa.

Akapokea. Na kwa kuwa alipokea, bakuli halikuweza kurudi tupu. Hakuna aliyetunga sheria hiyo kwetu na sijaona aliyeivunja. Chombo cha mtu kikija na kitu, kinarudi na kitu. Mama alilijaza maharage, nikalipeleka. Mama Elinaza alipoona maharage yalivyochambuliwa akatuma ungo wa magimbi. Ungo ukarudi na tangawizi. Mzee Mchome wa ng'ambo ya korongo akaleta asali kwenye kibuyu, kibuyu kikarudi na mahindi. Watani wetu hutuita mkono wa birika. Laiti wangekaa kwetu wiki ile.

Mpagazi nilikuwa mimi. Vyombo kumi na tisa viliingia, na vyote kumi na tisa nilivirudisha kwa mikono yangu, hakuna kilichorudi kitupu. Nilijua fika kwamba kuna jambo haliendi sawa. Maziwa yaliyoingia tuliyanywa siku hiyohiyo, na maharage yaliyotoka yalikuwa ya mwezi mzima. Siku ya tano nilimwambia mama jikoni, kwa kunong'ona, turudishe walau kimoja kikiwa kitupu.

"Nani atakibeba?" aliniuliza.

Nilikibeba kikiwa kimejaa, kama vingine.

Jioni zote tulikula sebuleni mimi na mdogo wangu Nanzia, wa miaka tisa. Mama alikula jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, kama alivyokula tangu baba afariki. Alisema sebuleni kunamsonga. Tulikuwa tukimsikia akikwangua sufuria.

"Mama anamaliza ukoko peke yake," Nanzia alilalamika.

"Kula ulichonacho," nilimwambia. Na mimi nilikuwa nautamani ukoko ule, nisiseme uongo.

*

Majibu nilipewa Jumatano, katika ofisi ya kata. Bwana Shekivuli alikuwa peke yake mezani, koti limetundikwa nyuma ya kiti. Hakunizungusha.

"Thelathini na moja."

Nilimwomba arudie. Akarudia, kisha akanigeuzia kioo cha mezani nisome mwenyewe. *Vyombo vya chakula vilivyoingia: kumi na tisa. Vilivyotoka vikiwa na chakula: kumi na tisa. Kaya ina ziada na hugawa.*

"Nani kamfundisha kwamba anayegawa ana ziada?" niliuliza.

"Watu wasioishi milimani."

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya viatu vyake, posa, bakuli, ungo, kibuyu, kila kitu. Alinisikiliza ameegemeza shavu kiganjani. Aliposikia kwamba alidhaniwa mshenga alitabasamu, na tabasamu halikukaa.

"Hata kwetu Lushoto bakuli halirudi tupu," alisema. "Ningeweza kukuamini hata usiponieleza. Lakini maelezo ndiyo zile fomu za bibi zetu, binti. Bodi haipokei maelezo, inapokea sauti."

"Sauti gani?"

Akainuka, akafunga mlango. Akanieleza kwamba Shahidi huhifadhi kila alichosikia, siku zote saba, ingawa kwa hesabu ya kawaida haruhusiwi kutumia kinachotokea nyuma ya ukuta. Mwombaji akikata rufaa, sauti hizo hufunguliwa. Hufunguliwa hadharani, mbele ya familia na majirani wawili waliofika nyumbani siku zile, nao huthibitisha kwamba ni za kweli. Zamani zilisikilizwa faraghani, rushwa ikapata mlango.

"Wewe ndiye mwombaji na umevuka miaka kumi na nane. Unaruhusiwa kusikia dakika moja kabla ya kuamua." Alinipa kisikizi cha sikioni. "Nakushauri ukae."

Nilikaa. Nikasikia kijiko kikikwangua sufuria, nikatabasamu.

"Huo ni ukoko," nilisema. "Mama yangu na ukoko wake."

"Sikiliza vizuri. Kisha soma."

Kwenye kioo palikuwa na mistari ya Shahidi, mmoja baada ya mwingine. *Sufuria: tupu. Imeoshwa. Kavu.* Kijiko kikaendelea, taratibu, kwa mapumziko, kama mtu anayekula kweli. Kisha nikasikia maji yakimiminwa, na mtu akinywa kikombe kizima bila kupumua. Kisha mama akacheua. Alicheua kwa sauti, makusudi, mdomo ukielekea ukutani ili tusikie.

"Jioni zote saba," alisema Bwana Shekivuli. "Kwa kishindo cha miguu yake amepungua kilo mbili. Sauti hizi zikifunguliwa, upungufu wenu unapanda hadi sabini na nne."

Nilijichukia. Sina namna nyingine ya kulisema. Miaka minne nilikuwa nimekaa upande wa pili wa ubao nikitamani ukoko.

"Nilifungua sauti za mzee mmoja huko bondeni, mwaka juzi," aliendelea, akitazama dirisha. "Mwanawe alipata, anasoma vizuri. Mzee hajatoka tena nje ya ua wake. Sikwambii ili usikate rufaa. Nakwambia kwa sababu kwenye karatasi hakuna mahali pa kuliandika. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Kidole chako kwenye fomu kinatosha. Cha mama yako hakihitajiki."

*

Njia nzima ya kurudi nililifikiria hilo la mwisho. Ningeweza kuweka kidole bila mama kujua, naye angeketi kwenye benchi la kata akasikia sufuria yake ikisema mbele ya Mama Elinaza. Mama Elinaza angejua kwamba kila alipotuma bakuli, rafiki yake alitoa chakula cha kinywani akakijaza humo. Nisipoweka, basi njaa yote ya miaka minne ingekuwa ya bure, kwa sababu sikuwa na shaka alikuwa akijinyima ili mimi nimalize shule. Na nyavu zingeendelea kuning'inia huko juu zimechanika.

Siri ile haikuwa yangu, ingawa nilikuwa nikiila kila jioni. Na hata kumwomba mama ruhusa ilikuwa ni kumvua nguo.

"Wamesemaje?" mama aliniuliza nilipofika.

"Thelathini na moja."

Alishika kizingiti. "Kuna rufaa?"

"Ipo. Haina maana."

"Haina maana vipi? Wewe ni Mpare, unaachaje kesi?" Alijaribu kutania, akanitazama usoni, akaacha. Nadhani alianza kuelewa wakati huo.

Alhamisi jioni alitupakulia ugali na mchicha kama kawaida, akarudi jikoni. Kijiko kikaanza. Nilimwambia Nanzia ale, nikainua sahani yangu nikazunguka ukuta.

Mama alikuwa amechutama karibu na mafiga, sufuria safi mapajani, kijiko mkononi. Niliketi kwenye kigoda, nikaugawa ugali wangu katikati kwa mkono, nikamsogezea sahani.

"Mimi nimekula," alisema.

"Najua umekula. Kula tena."

Alikiweka kijiko chini polepole.

"Yule alisikia?" aliuliza, akielekeza kidevu sebuleni, ingawa rafu ilikuwa imeshabaki na redio na kopo tu.

"Alisikia."

"Na wewe?"

"Dakika moja."

"Na Mama Elinaza?"

"Bado. Nikiweka kidole kesho, atasikia yeye na Mzee Mchome na wote watakaokuja. Nisipoweka hatasikia mtu. Ndiyo rufaa yenyewe, mama. Nimeshindwa kuamua bila wewe."

"Usiweke."

"Sawa."

Nilimaanisha. Nilihisi chuo kinanitoka, nikauma meno, lakini nilimaanisha. Mama hakugusa ule ugali. Aliirudisha sahani kwangu, akafunika sufuria tupu kwa mfuniko wake, vizuri, kama ina kitu ndani.

"Baba yako alikuwa na masikio mazuri," alisema. "Huyo nisingemweza hata siku moja."

*

Asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunga.

"Twende," alisema.

"Wapi? Ulisema nisiweke."

"Wewe usiweke kwanza. Nitaanza mimi, halafu wewe." "Nimelala nikiwaza. Ukibaki hapa utakula ukijua. Na Nanzia atajua. Sasa nitamkwangulia nani?"

Bwana Shekivuli alimweleza kwamba kidole chake hakina nafasi kwenye fomu ya rufaa. Mama akakibonyeza pembeni, kwenye ukingo mweupe, na hakuna aliyemzuia. Kisha nikaweka changu. Ilikuwa saa nne na robo.

Baraza lilikaa Jumatatu. Mama Elinaza na Mzee Mchome waliketi benchi la mbele, wakijua tu kwamba wameitwa kuthibitisha. Nyuma walijaa wengine waliosikia kwamba kuna jambo la Serikali. Shahidi aliwekwa mezani. Sauti ya kwanza kutoka ilikuwa ya Mama Elinaza mwenyewe, ikisema haijaona kitu na haiulizi kitu, watu wakacheka, naye akajifunika uso kwa kanga akicheka pia. Tukasikia maharage yakimiminwa bakulini, mengi. Tukasikia hatua zangu zikitoka.

Kisha kijiko.

Bwana Shekivuli alisoma kila mstari kwa sauti, kama sheria inavyomtaka. Tupu. Imeoshwa. Kavu. Kicheko kilikufa benchi moja baada ya jingine. Mama alikaa wima, mikono mapajani, macho kwenye kalenda ya ukutani, na sikuthubutu kumshika.

"Mnathibitisha?" Bwana Shekivuli aliuliza.

"Bakuli ni langu," alisema Mama Elinaza. "Jumanne nilileta ungo wa magimbi. Jumanne jioni alikula nini?"

Bwana Shekivuli akafungua Jumanne. Kijiko, sufuria, kikombe cha maji. Mama alipocheua mle ndani ya Shahidi, mtu mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti ya chini. Mama Elinaza aliinuka, akathibitisha kwa kidole, akatoka bila kumuaga mtu. Mzee Mchome akathibitisha baada yake.

Sabini na nne. Nilipata. Nilisaini mahali pote nilipoonyeshwa na sikuhisi furaha yoyote.

*

Siku tatu mama hakwenda ndiva kuchota maji. Nilikwenda mimi, na wanawake walinyamaza niliposogea. Mama alikaa ndani, mlango umefungwa, akipanga nguo zangu za safari na kuzipangua. Nilimkumbuka mzee wa bondeni. Usiku na mchana nilijiuliza kama nimemuuza mama yangu, na bado sijamaliza kujiuliza.

Alhamisi jioni Nanzia alifungua mlango kutupa maji machafu, akarudi mbio.

"Kuna vitu nje."

Tulitoka. Kwenye kizingiti palikuwa na mafurushi saba ya majani ya mgomba, yamefungwa kwa kamba za mgomba huohuo, mengine yakifuka mvuke. Yalinukia magimbi, makande, nyama. Nilitazama njiani, hapakuwa na mtu, ila huko chini mlango wa Mama Elinaza ulikuwa ndio unafungwa.

Nanzia alichutama akayageuzageuza. "Hawakuleta bakuli hata moja," alisema. "Sasa tutarudishia kwenye nini?"

Mama alisimama pale ameshika furushi moja kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka wazi, hakuyafuta. Majani ya mgomba hayarudishwi. Ukishakula unayatupa shambani, na hakuna anayekuja kuyaulizia.

Akaingia ndani. Hakwenda jikoni. Aliketi sebuleni, chini ya rafu, akafungua jani, akaanza kula kwa mkono. Nanzia akanyoosha kiganja kwa mazoea, apate cha kuonja. Nilimshika mkono nikaurudisha, tukamwacha mama ale mpaka amalize.